Nimepata muhula Ujerumani, na mama yuko tayari kutoa hati ya kiwanja

Assalamu alaykum, washauri.

Mimi ni binti wa miaka 21, mwaka wa tatu chuoni hapa Mombasa. Kwetu ni Likoni. Mwezi uliopita nilipata barua ya kukubaliwa kusoma muhula mmoja mjini Leipzig, Ujerumani, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi, kisha nirudi kumalizia shahada yangu hapa. Karo ya kule silipi, na wamenipa ufadhili wa euro 600 kwa mwezi. Nilipoisoma barua nilipiga ukelele hadi majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Nimeambiwa ubalozi hautoi viza mpaka uwe na karibu shilingi laki tisa katika akaunti ya huko. Baba alifariki miaka minne iliyopita, akatuachia kiwanja kidogo Mtongwe. Kuna bwana mmoja mtaani yuko tayari kutukopesha zote, lakini anataka hati ya kiwanja ikae kwake. Mama ameshakubali. Asema udongo haukimbii, nafasi ndiyo hukimbia.

La pili ni mama mwenyewe. Sisi twaishi kwa mahamri na mbaazi. Kila usiku mimi ndiye ninayekanda kilo sita za unga, kwa sababu mkono wake wa kulia unamuuma tangu mwaka juzi. Yeye huamka saa kumi alfajiri kupika. Ndugu yangu ana miaka 17, yuko Kidato cha Nne, na akisikia habari ya kukanda huondoka zake akisema hiyo ni kazi ya wanawake. Mama hajaniambia nisiende. Lakini usiku namsikia hajalala, na khalati amekuja mara mbili kusema msichana akienda peke yake huko hurudi si yule.

Nami mwenyewe, wallahi, naogopa. Baridi, chakula, swala, upweke. Nimeanza kununua makoti Kongowea, nimeshapata mawili, lakini naona kama natwanga maji kinuni. Nianzie wapi?

Binti wa Likoni

Waalaykum salaam, binti yetu, na hongera.

Makoti yaweke kando. Safari kama hii hupangwa kwa kuanza na kile kinachongojewa kwa muda mrefu zaidi, na koti ni shughuli ya alasiri moja. Viza ni ya miezi, sahihi za chuo ni za wiki kadhaa. Ila kabla ya yote hayo mwambie mama asiitoe ile hati ndani ya nyumba, kwa sababu hesabu mliyopewa ina kasoro.

Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe euro 992 kwa kila mwezi atakaokaa, yaani 11,904 kwa mwaka. Kwa miezi yako sita ni 5,952, na kwa euro moja kwa takriban shilingi 150 ndizo hizo laki tisa kasoro kidogo. Aliyewapigia hesabu alisahau ufadhili wako. Barua ya ufadhili inayotaja kiasi, idadi ya miezi na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti huhesabiwa. Ukitoa 600 katika 992 zabaki 392. Mara sita ni euro 2,352, takriban shilingi 353,000. Hicho ndicho kiasi cha kuweka katika ile akaunti iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Kiwango cha 992 hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kitazameni tena kwenye tovuti ya ubalozi siku mnayotaka kulipa.

Laki tatu na nusu bado ni nyingi kwa nyumba inayoishi kwa mahamri, twajua. Lakini elewa pesa hizi zinavyokwenda, uone kwa nini mkopo ule ni hatari. Pesa za akaunti hii ni zako. Ukishafika na kufungua akaunti ya kawaida ya benki, zinaachiliwa kidogo kidogo, kwako wewe euro 392 kila mwezi, na utazila: chumba, bima, chakula. Ikifika Machi hazipo. Anayekukopesha kwa sababu ni “pesa za kuonyesha tu” hajui zinavyofanya kazi, au ajua sana. Isitoshe, kama mirathi ya baba haijapitishwa kwa Kadhi, kiwanja si cha mama peke yake. Wewe na ndugu yako ni warithi, na mama hawezi kukiweka rehani kihalali kabla ya mirathi kuamuliwa. Hilo mshughulikie mwaka huu hata kama hakuna safari.

Pa kutafuta pesa ni hapa. Iandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha Leipzig, ueleze pengo lako kwa tarakimu, uulize kama kuna nyongeza au msaada wa nauli. Barua isizidi ukurasa mmoja. Uliza swali hilo hilo chuoni kwako. Ikiwa mna jamaa anayeishi Ujerumani kihalali na ana mshahara wa kutosha, anaweza kutia sahihi ya kukudhamini katika ofisi ya wageni ya mji wake, na hati hiyo hukubaliwa badala ya akaunti. Basari ya kaunti na ya eneo bunge hulipwa moja kwa moja chuoni, kwa hiyo haitaingia kwenye akaunti hii. Hata hivyo iombe kwa karo yako ya hapa, ili pesa ambazo mama angelipa karo zibaki mkononi. Mchango wa ukoo nao uje na karatasi: akaunti, viza, tiketi, bima, na mwezi wa kwanza wa chumba pamoja na amana yake, kwa sababu ufadhili mara nyingi huanza kulipwa baada ya kufika na kusajiliwa. Watu huchangia upesi wanapoona kila shilingi inakokwenda.

Kosa moja la kulipia: benki za katikati hukata ada njiani, ukatuma 2,352 zikafika 2,320. Akaunti ikipungua hata euro moja, cheti cha kupeleka ubalozini hakitoki. Tuma euro 50 hadi 100 zaidi.

Sasa viza. Kwa kuwa utakaa zaidi ya siku 90, yako ni viza ya kitaifa, si ile ya Schengen ya kutembea Ulaya kwa siku chache, na ada yake ni euro 75. Miadi ya ubalozi ulioko Nairobi huombwa siku ile ile unapopata barua ya chuo, hata kama pesa hazijatimia, kwa sababu foleni ni ndefu na miadi haiharakishwi na mtu. Baada ya mahojiano, faili huweza kupelekwa kwa ofisi ya wageni ya mji unaokwenda ili nayo ikubali, ndiyo maana jibu huchukua wiki nyingi. Wewe hesabu miezi mitatu. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa.

Wengi wa Pwani hukwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu; cheti cha KCSE, ule mtihani wa Kidato cha Nne, kimeandika Aisha, kitambulisho Aysha. Leo jioni tandika stakabadhi zako zote mkekani, pasipoti ikiwa juu, uzisome herufi kwa herufi. Ikiwa tofauti ni ya tahajia, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, ukibebe pamoja na nakala. Ikiwa jina zima limebadilika, utahitaji hati rasmi ya kubadili jina, na hiyo ina safari yake. Pasipoti yenyewe iwe na miezi sita au zaidi baada ya siku ya kurudi.

Ukienda Nairobi, fika siku moja kabla. Treni ya SGR hushusha Syokimau, mbali na ubalozi, na asubuhi barabara za Nairobi hazina huruma. Beba asilia na nakala mbili za kila karatasi.

Viza ikiwa njiani, geukia chuo chako, maana hapa ndipo wanafunzi hupoteza mwaka mzima bila kujua. Unahitaji mkataba wa masomo wenye sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo cha kule. Muhula kamili kule ni alama 30 za ECTS, kipimo cha uzito wa masomo katika vyuo vya Ulaya, na alama moja kwa hesabu ya Kijerumani ni kama saa 30 za kazi, ukijumlisha darasa, kusoma na kuandika. Chuoni kwako somo hupimwa kwa saa za darasani, kwa kawaida 45. Vipimo hivi viwili haviongei. Kaa na mkuu wa idara, mwandike somo gani la Leipzig linasimama mahali pa somo gani la hapa, na msajili wa chuo apate nakala. Halafu uliza swali ambalo wengi huliacha: alama za mitihani zitageuzwaje? Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na 5.0 ni kuanguka. Karani asiyejua akiiona 1.3 yako anaweza kuidhani balaa. Jedwali la kugeuzia liambatishwe kwenye mkataba kabla hujaondoka.

Tarehe nazo zinagongana. Masomo ya Leipzig huanza katikati ya Oktoba na kuisha mwanzo wa Februari, kisha mitihani hufuata, na insha ndefu huweza kukufikisha Machi. Wakati huo muhula wa Januari hapa utakuwa umekolea. Pata barua ya idara inayosema lini unarudi darasani, na iseme uko masomoni nje, isiseme umeahirisha masomo. Tofauti hiyo ya maneno huweza kugusa usajili wako, na ikiwa una mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, waarifu kwa maandishi kabla hujapanda ndege. Na ukifika: kujiandikisha kwa somo ni jambo moja, kujiandikisha kwa mtihani wake ni jingine, na lina siku ya mwisho. Wageni huhudhuria darasa muhula mzima kisha hujikuta hawamo kwenye orodha ya mtihani.

Turudi Likoni, kwenye karai la unga.

Ndugu yako atakuwa na KCSE Novemba, kwa hiyo hata angekubali leo, si haki kumbebesha kilo sita za kila usiku kuanzia Oktoba. Gawanyeni muda. Tangu Oktoba hadi amalize mtihani, mlipeni msichana au kijana wa jirani kwa kazi ya usiku ile tu, na malipo yake yaingie kwenye bei ya mahamri tangu sasa. Baada ya mtihani ndugu yako ashike. Kuhusu kazi ya wanawake, mpeleke akawatazame vijana wanaosukuma chapati na kukanda ngano mahotelini mjini, kisha aseme tena.

Na kazi yenyewe hupungua mkipumzisha unga. Kandeni kilo mbili mbili, si sita kwa pamoja. Unga ukishashikana na tui, hamira, sukari na iliki, uache dakika 20 umefunikwa kitambaa kibichi kabla ya kukanda sawasawa. Katika muda huo unga hunywa majimaji na ngano hujivuta yenyewe, kwa hiyo ukirudi wahitaji nguvu pungufu. Mchanganyiko wa kwanza ukipumzika, wa pili uchanganyeni. Mama anaweza hata kuangalia donge tu na kusema limefika au bado, bila kutia mkono. Lakini mkono huo uonwe na daktari kabla ya Oktoba, na uende naye wewe.

Kukosa usingizi kwake si lazima kuwe kunakukataza. Amekuwa tayari kutoa hati ya kiwanja. Hilo ni jibu lake. Anachokosa ni picha ya siku zitakavyokuwa, na picha hiyo unaweza kumpa. Amueni saa ya simu isiyobadilika. Yeye humaliza kuuza kama saa nne asubuhi; Leipzig wakati wa baridi itakuwa saa mbili asubuhi, kabla hujaingia darasani. Oktoba tofauti ni saa moja, kisha Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Ujerumani hurudisha saa nyuma na tofauti huwa saa mbili. Mwambie mapema, ama siku hiyo atakaa na simu mkononi saa nzima akidhani umepatwa na jambo. Simu tatu kwa wiki zinazotimia ni bora kuliko ahadi ya kila siku inayovunjika. Laini yako ya Kenya iwashiwe huduma ya nje ya nchi kabla ya safari, kwa sababu namba za siri za benki na M-Pesa zitatumwa huko.

Khalati naye msijibizane. Mpe kazi. Awe ndiye anayelala kwa mama wiki yako ya kwanza.

Juu ya baridi, makoti mawili ni mengi. Bakisha moja, lile lisilopitisha upepo wala mvua na linalofunika mapaja. Ndani huvaliwa matabaka: fulana ya kubana mwili, sweta, kisha koti, kwa sababu vyumba huko hupashwa moto hadi kama nyuzi 20, na aliyevaa kitu kimoja kizito hutokwa na jasho darasani kisha huganda akitoka. Buibui la safari lipunguze pindo vidole vinne. Theluji iliyoyeyuka hunyonywa na kitambaa na ubaridi hupanda hadi magotini. Viatu vinunue huko huko, vyenye soli ya mikato. Leso beba mbili, moja ya kujifunika na moja isiyo na kazi maalum.

Mafuta ya nazi usiyatie kwenye chupa ya shingo nyembamba. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na chumbani kwako yatakuwa mawe meupe. Yamimine katika kopo la mdomo mpana uweze kuyakwangua kwa kidole. Utayahitaji sana, ngozi huko hukauka hadi mikono ikapasuka.

Kwa chakula, nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka Kenya hayaruhusiwi kuingia, kwa hiyo sambusa za nyama za khalati zibaki. Maembe yahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende haziulizwi cheti. Iliki beba robo kilo, ni nyepesi. Kwenye mkahawa wa chuo jifunze kusoma maneno mawili kabla ya mengine yote, “Schwein”, yaani nguruwe, na “Gelatine”, ambayo hujificha kwenye peremende na mtindi. Jumapili maduka hufungwa, hivyo nunua Jumamosi.

Desemba jua la Leipzig huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zitakuja ndani ya saa nne, na mara nyingi utakuwa darasani. Tazama ratiba yako ya masomo pamoja na ya swala wiki ya kwanza, utafute chumba tulivu karibu. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, katikati ya mitihani. Mwanzoni saumu itakuwa ya kama saa kumi na moja na nusu, fupi kuliko ya Mombasa, kisha itarefuka siku baada ya siku.

Giza hilo ndilo huleta upweke wa Novemba, zaidi ya umbali. Toka nje kila siku saa sita mchana hata kama kuna mawingu. Aliyefunika mwili na mwenye ngozi nyeusi hapati vitamini D ya kutosha kwa jua la huko la majira ya baridi, kwa hiyo muulize daktari kabla ya kwenda. Shirika la huduma za wanafunzi lina washauri wa bure wa mambo ya moyo. Nenda ukianza kukosa usingizi, usingoje uache kwenda darasani. Na Chuo Kikuu cha Leipzig hufundisha Kiswahili. Bandika tangazo kwenye idara ya taaluma za Afrika: saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kijerumani. Hapo utapata mtu wa kuzungumza naye anayekuhitaji, na hilo latofautiana na mtu anayekuhurumia.

Chumba omba sasa, katika mabweni ya wanafunzi. Mwenye nyumba anayetaka amana kabla hujaona chumba na kusema yuko safarini, funguo atazituma kwa posta, ni tapeli. Ukihamia una siku 14 za kujisajili katika ofisi ya mji, na lazima uwe na karatasi ya mwenye nyumba inayosema umehamia kwake. Bila usajili huo mambo mengi hukwama, kuanzia benki hadi kibali cha kukaa. Bima ya afya ya wanafunzi ni kama euro 140 na zaidi kidogo kwa mwezi. Iweke kwenye bajeti mapema. Siku ya kuondoka Machi, jifute kwenye sajili hiyo, na udai amana yako ukiwa bado na funguo mkononi.

Siku ya safari karatasi zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, hasa barua ya chuo, bima na mkataba wa chumba, kwa sababu askari wa mpakani huweza kuziomba na begi kubwa litakuwa bado tumboni mwa ndege. Begi lipimwe nyumbani kwa mizani ya dukani, kilo 23 zisizidi. Kutoka Likoni msitegemee feri. Piteni barabara ya Dongo Kundu mtokee Miritini, muingie uwanja wa ndege wa Moi kutoka upande ule. Na agizeni gari moja tu. Mama akae nawe kiti cha nyuma, wengine waage nyumbani.